Vigae vya São Bento

Abiria wa jijini Porto, kaskazini mwa Ureno, aghalabu hupita katika ukumbi wa stesheni ya São Bento mbiombio, tikiti mkononi, wasiinue macho. Mgeni aliyetoka Mombasa alisimama. Kuta zote zilisheheni vigae, takriban 20,000, vingi vyavyo vya buluu juu ya nyeupe, kazi ya msanii Jorge Colaço: vita, harusi ya kifalme, mavuno ya zabibu, na juu kabisa utepe wa rangi anuwai unaosimulia vyombo vya usafiri hadi kuja kwa garimoshi.

Zamani hapo palikuwa na makao ya watawa wa kike, yaliyojengwa katika karne ya 16 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza. Serikali ilipoyafuta mashirika ya kitawa mnamo 1834, watawa waliokuwemo waliachwa wamalizie umri wao. Wa mwisho alifariki mwaka wa 1892. Naam, reli ilimsubiri ajuza mmoja! Garimoshi la kwanza likaingia 1896, na jengo la leo likafunguliwa 1916.

Mgeni hakuweza kulipita jina la Manuel. Ndiye aliyemtuma Vasco da Gama, aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka wa 1498. Ndiye pia aliyemtuma Francisco de Almeida, ambaye majeshi yake yaliipora na kuiteketeza Mombasa mwaka wa 1505. Ukutani hayamo. Lililomo ni kutekwa kwa Ceuta, mji wa Waislamu katika pwani ya Afrika Kaskazini, mwaka wa 1415, mwanamfalme Henrique akiwa ndiye shujaa.

Picha ni nzuri. Kulikana hilo ni ukaidi. Hata hivyo, azulejo, neno la Kireno la vigae hivyo, lina asili ya Kiarabu, na ufundi wenyewe ulienezwa Iberia na Wamoori. Colaço naye alizaliwa Tangier, nchini Moroko, si mbali na Ceuta. Ushindi dhidi ya Wamoori umechorwa kwa sanaa iliyotoka kwao, na mkono uliozaliwa jirani na walioshindwa.

Mgeni alikulia karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Kuta zake za matumbawe alizigusa tangu utotoni. Aliuzunguka ukumbi mara ya pili, akiitafuta Mombasa kigae kwa kigae. Hakuiona. Garimoshi la kwenda Braga lilikuwa karibu kuondoka, na tikiti yake ilikuwa ya hilo.