Kichwa Kizito Kando ya Waya wa Umeme

Askari wa zamu ya usiku hulala mchana, na usingizi wa mchana ni mwepesi mno. Polisi mmoja, mkazi wa Kinama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, alianza kuamka saa nane za mchana akiwa na kichwa kizito, masikio yakivuma na moyo ukimchafuka. Lindoni, penye hewa wazi, alikuwa mzima kabisa. Taabu ilimngoja nyumbani. Akakata shauri kwamba ubaya umo katika nyaya za ukutani.

"Mama watoto, nyumba hii haitaki nilale," alisema, naye akataka wahamie kwa wazee wake mashambani, kusikofika umeme, ingawa watoto walikuwa katikati ya muhula wa masomo.

Mkewe hakumcheka, na alifanya vema. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba dalili za watu wanaojiona kuwa wanadhurika na umeme ni za kweli, na wengine huteseka sana. Ila hakuna msingi wa kisayansi wa kuzifungamanisha dalili hizo na nguvu za umeme na sumaku. Mwaka huohuo wataalamu wa Uingereza walipitia majaribio 31, yenye watu 725 wa namna hiyo. Kwa ujumla watu hao hawakuweza kutambua kama chombo kimewashwa au kimezimwa kuliko mtu anayebahatisha.

Hata hivyo kelele za umeme zipo, wala si njozi. Umeme wa nyumbani hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Chaja za simu na taa nyingi za LED huukatakata mkondo huo mara maelfu kwa sekunde, na vipande hivyo huacha viwimbi vidogo juu ya waya. Kuvisikia hakuhitaji chombo cha ghali. Mama yule alichukua redio ndogo ya betri, akaiweka kwenye masafa ya kati mahali pasipo na stesheni, akaipitisha ukutani polepole. Kando ya chaja moja ya bei rahisi redio ilinguruma kama nyuki waliochokozwa, alipoichomoa, ikanyamaza. Akarudi nyuma hatua mbili chaja ikiwa imechomekwa tena, na mngurumo ukafifia. Redio haipimi madhara. Huonyesha tu kelele inakotoka na jinsi inavyopungua kwa umbali.

Basi kuipunguza ni kazi nyepesi: kuchomoa chaja isiyotumika, kubadili ile iliyo mbovu, kusogeza kitanda mbali na waya wa kurefushia umeme. Soketi inayotoa cheche, au iliyo ya moto ukiigusa, hiyo si habari ya kichwa bali ya nyumba kuungua. Huzimwa kwenye swichi kuu na kuitiwa fundi siku hiyohiyo. Vichujio vinavyouzwa kwa wenye maradhi haya ni kapasita iliyofungwa ndani ya kijisanduku. Huweza kweli kushusha viwimbi, lakini nayo huvuta mkondo wake, na hakuna ushahidi thabiti kwamba humponya mtu. Wengine hukata waya wa ardhi au kubandika karatasi za bati ukutani. Hilo ni kujitafutia kifo.

Lililobaki lilikuwa kumjaribu mgonjwa bila yeye kujua. Kila asubuhi, mume akiisha kulala, mama alirusha sarafu: upande mmoja, akachomeka chaja ile yenye kelele nyuma ya pazia la chumba cha kulala, upande wa pili, akaiacha kabatini. Aliandika katika daftari lake, na mume alipoamka akaandika katika lake alivyojisikia na alivyodhani. Baada ya siku kumi wakayalinganisha. Mume alikuwa amepatia mara tano. Tena, siku moja umeme ulikatika mtaa mzima tangu asubuhi hadi jioni, jambo lisilo geni Bujumbura, na kichwa kikauma vilevile.

Polisi huyo alikasirika, kisha akatulia, maana daftari lilikuwa na mwandiko wake mwenyewe. Ndipo mama alipotazama safu nyingine aliyokuwa ameiandika kwa mazoea tu: chakula cha siku. Kichwa kiliuma siku za maharagwe. Maharagwe huchukua saa nyingi motoni, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa mvua, jiko la makaa, ambalo Warundi huliita imbabura, lilikuwa likiingizwa ukumbini, hatua chache tu na mlango wa chumba, madirisha yakiwa yamefungwa ili askari asisumbuliwe na mwanga.

Makaa yanayowaka mahali pasipo hewa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushika damu mahali pa oksijeni. Huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, mtu akitoka nje hupata nafuu, na ikizidi humwua akiwa amelala. Kilichomfanya amani lindoni ni hewa safi, wala si kukosekana kwa nyaya.

Jiko lilihamishiwa barazani, chini ya bati, siku hiyohiyo. Watoto waliendelea na shule. Mvumo wa masikio haukuisha wote, na taa moja ya sebuleni, iliyoonyesha milia mieusi ilipotazamwa kwa kamera ya simu, ilibadilishwa pia, kwa kuwa mpepeso wa taa ni jambo jingine. Mwaka 1989 Arnold Wilkins na wenzake huko Uingereza walionyesha kwamba maumivu ya kichwa ofisini yalipungua kwa zaidi ya nusu pale taa za mirija zenye mpepeso zilipobadilishwa kwa zisizo nao. Chaja ile mbovu ilitupwa. Simu yake polisi huyo huiweka mbali na mto hadi leo, na mkewe hamzuii.