Samadi ya Ng'ombe Waliokufa

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza katika kata ya Piyaya, wilayani Ngorongoro. Nayasema haya kwa ajili yako wewe ambaye usiku huu hujui watoto watakula nini kesho. Nilishafika hapo ulipo, ingawa watoto hao sikuwazaa mimi.

Mwishoni mwa 2021 mvua za vuli zilitukatalia. Uliyekuwa kaskazini unakumbuka mizoga ya Longido, Monduli na Simanjiro. Kwetu Karatu mvua ikigoma tunakosa mahindi, tunauza mbuzi, tunasogeza siku. Lakini kwa Mmasai wa huku Piyaya ng'ombe ndiye maziwa, ndiye mahari, ndiye daftari la mtoto. Akifa, utauza nini? Vijana waliwahamisha waliosalia kutafuta malisho. Maziwa yakaenda nao. Wadogo wakabaki bomani na mama zao, wakinywa chai ya rangi.

Shule zilipofunguliwa Januari, nilikuwa nafundisha irabu. Mtoto mmoja akasimama kusoma. Akanyamaza. Akaanguka. Sikusikia hata kishindo, jinsi alivyokuwa mwepesi. Nikambeba. Midomo imepasuka. Nikamwita jina. Kimya. Nikamwita tena. Sukari sina. Uji sina. Mungu wangu, nifanye nini? Mwenzangu akaja na kikombe cha maji, tukamdondoshea kidogo kidogo. Akafumbua macho. Akaniuliza kama kengele imeshalia.

Usiku ule niliandika barua ya kuomba uhamisho.

Kesho yake nikapanda kilimani kunakoshika mtandao, nikampigia mama. Alinisubiri nimalize kulia. Hakunikataza kuondoka. Akaomba, kisha akauliza: "Mwanangu, huko samadi si ipo?"

Ipo! Ng'ombe walikuwa wamekufa au wamehamishwa, lakini mazizi yalijaa samadi ya miaka mingi, kavu, nyeusi, laini kama majani ya chai. Mbichi ingeunguza miche. Hii ilikuwa tayari. Mama akatuma kwa basi mbegu za mchicha, sukuma wiki na mnafu, baba akaongeza magunia matupu ya mahindi. Mboga peke yake haishibishi mtoto, nilijua hilo. Unga wa uji tulichangishana walimu, na siku nyingine ulikuwa mwepesi kama maji.

Watoto walibeba samadi kwenye mifuko ya madaftari. Tulisimamisha kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, tukalijaza kokoto, tukazungushia udongo na samadi, kisha tukalivuta juu na kujaza tena, hadi gunia likajaa. Maji ukiyamimina kwenye kokoto yanashuka hadi chini. Ubavuni tukatoboa matundu ya miche. Maji ya kumwagilia tuliyatoa wapi? Watoto walinawa mikono juu ya gunia.

Miche ilipochangamka, mbuzi wakavunja uzio na kumaliza yote usiku mmoja. Mzee wa boma la jirani akacheka: "Mwalimu, majani ni chakula cha mbuzi. Wamekula chao." Sikucheka. Niliingia ndani nikaisoma tena ile barua. Lakini siku chache baadaye nilimkuta mzee yule yule na panga, anakata miiba ya mgunga, akatuzungushia uzio kama wa zizi. Tukapanda upya. Mchicha wa kwanza tuliuchuma baada ya wiki nne hivi, tukautia kwenye makande. Watoto wengine waliutema. Yule aliyeanguka aliomba kuongezewa.

Siku hizi ndiye anayewaonyesha wa darasa la kwanza jinsi ya kuvuta kopo bila kumwaga kokoto. Ila Novemba ikiingia bila wingu, mimi huamka usiku kusikiliza bati. Na mtoto akinyamaza katikati ya kusoma, mkono wangu huwa umeshamshika.