Hii Kitu Yako Inaongea

Aliyeniambia si mtaalamu. Ni kijana wa hapa Matsangoni anayerekebisha simu na printa kando ya barabara kuu ya Malindi, na siku hiyo alikuwa ameitwa kwenye zahanati moja huku kwetu kuangalia kompyuta. Akanipigia.

"Bro, hii kitu yako inaongea."

Kitu yenyewe ilikuwa daftari la wagonjwa, programu niliyoandika bure nikiwa nimemaliza chuo na sina kazi. Majina niliyaacha wazi ili nesi atafute haraka. Majibu ya kipimo cha virusi vya Ukimwi nikayasimba kwa AES. Nikajiona fundi.

Kijana hakuwa na ufunguo, na wala hakuuhitaji. Aliona tu kwamba kwenye ile safu ya herufi zilizokorogeka kulikuwa na mikorogo miwili pekee, ikijirudia mpaka chini. Na kwenye orodha yumo mama mmoja ambaye hali yake inajulikana, manake huisema mwenyewe mikutanoni bila kuficha. Ukishauona mkorogo wake, wote wenye mkorogo kama huo umewajua. Na waliobaki pia umewajua.

Shangazi yangu alikuwa kwenye orodha hiyo. Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti moja: nisiseme alikuwa upande gani.

Usiku ule stima ilipotea. Nikakaa chini ya mwembe na laptopu yenye chaji ya saa moja, nikisoma kodi yangu kama barua ya mtu nisiyempenda.

Kosa lilikuwa mstari mmoja. AES yenyewe haina neno; inachukua baiti 16, inarudisha baiti 16, basi. Haijui ujumbe unaanzia wapi wala unaishia wapi. Namna ya kuitumia juu ya vipande vya ujumbe ndiyo huitwa modi, na modi ziko nyingi. Iliyo rahisi kuliko zote, ECB, husimba kila kipande kivyake: vikiingia viwili sawa, vinatoka viwili sawa. Imo kwenye kiwango cha serikali ya Marekani cha mwaka 1980, na udhaifu wake si siri. Lakini kwenye Java, ukiandika Cipher.getInstance("AES") halafu ukanyamaza, kwa kawaida unapewa hiyo hiyo ECB. Huonywi. Programu inaenda, majaribio yanapita, unakunywa chai.

Si mimi peke yangu. Nywila za wateja wa Adobe zilizovuja mwaka 2013 zilikuwa zimesimbwa kwa ECB pia, na watu wakazikisia bila ufunguo, kwa kulinganisha zinazofanana na vidokezo ambavyo wenyewe waliviandika kando.

Nilipoanza upya, sikuanza na daftari. Nilianza na kiolesura: zile kazi ambazo mwandishi wa programu ataziita, na vitu atakavyoulizwa. Rasimu ya kwanza iliuliza kila kitu, ufunguo, modi, namba ya mwanzo, namna ya kujaza kipande kisichotimia. Rafiki yangu wa Nairobi akaipenda. "Wape watu chaguo, ni watu wazima." Tukabishana WhatsApp wiki nzima. Mimi pia ni mtu mzima, nikamwambia, na ona nilichofanya.

Zikabaki kazi mbili: funga na fungua. Ndani ni GCM, na hakuna anayeulizwa modi. Hakuna anayeulizwa nonsi pia, ile namba ya kutumika mara moja tu. Kila ikifunga, inajitengenezea baiti 12 za bahati nasibu na kuzitanguliza mbele ya matokeo. Mwanzoni niliiacha nonsi iwe hiari. Nikaiondoa, manake namjua mtu mwenye haraka: angeweka sifuri. Na GCM haisamehe nonsi iliyorudiwa kwa ufunguo uleule. Tofauti kati ya jumbe mbili inabaki uchi, na adui anapata njia ya kughushi.

Kitu kimoja nilikilazimisha: lazima utaje namba ya mgonjwa unapofunga na unapofungua. Bila hivyo mtu angeweza kuhamisha jibu la Kadzo akaliweka kwa Kahindi, na kompyuta ingekubali. Sasa namba zisipolingana, fungua hairudishi hata herufi moja. Rafiki yangu anaona ni usumbufu. Uwe.

Pa kushindwa pia palikuwepo. Nesi alizoea kuhesabu wenye virusi kwa bonyezo moja, kwa ripoti ya mwezi. Sasa programu hufungua rekodi moja baada ya nyingine, na ile kompyuta ni mzee. Akalalamika. Nikamwambia ukweli: kompyuta iliweza kuwahesabu haraka bila kufungua kitu kwa sababu ileile iliyomwezesha kijana wa printa. Akanyamaza kidogo. "Haya, nitangoja."

Kisha nikaenda kwa shangazi. Alikuwa uani, akishona makuti.

"Kwa hivyo waliniona?"

"Mmoja aliona, shangazi. Anasema hakuyasoma majina yote."

"Na sasa?"

"Sasa hawezi mtu."

Akavuta kuti lingine, akalikunja kwenye upapi.

"Hata mara ya kwanza ulisema hivyo."