Deni la Sura Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mimi methali hii niliijua tangu darasa la nne, na hata niliwahi kuiandikia insha nikapata alama nzuri. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuifuata ni jambo jingine kabisa. Ewe msomaji mpenzi, tega sikio nikusimulie.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya tulikuwa katika kesha kanisani. Mhubiri alitupigia hesabu. Biblia tuisomayo sisi ina vitabu 66 na sura 1,189. Ukisoma sura tatu kila siku, na tano kila Jumapili, mwaka haujaisha utakuwa umeimaliza yote. Alipouliza ni nani angeweza, mkono wangu ulikuwa wa kwanza kwenda juu. Nyanya yangu alikuwa ameketi kando yangu. Alinitazama tu, asiseme neno.

Nilianza kwa kishindo. Habari za Yusufu na nduguze zilinikosesha usingizi, na mapigo ya Misri yalikuwa matamu kama filamu. Mwanzo una sura 50 na Kutoka sura 40, kwa hivyo kwa hesabu ya mhubiri, Januari ikielekea ukingoni msomaji huwa anabisha hodi kwa Mambo ya Walawi. Hapo ndipo nilipokwama. Mafuta, figo, damu ya fahali, hema ya kukutania, lo! Nilisoma ukurasa mmoja mara tatu na nisijue nimesoma nini.

Tena shule ilikuwa imefunguliwa. Sisi wa shule ya kutwa maisha yetu mnayajua. Natoka nyumbani saa kumi na moja unusu, giza bado totoro, na narudi jioni miguu ikiwa imechoka. Kuna maji ya kuteka, kuna kazi ya hesabu, na stima ikipotea ni koroboi. Siku niliyokosa kusoma, niliandika nyuma ya daftari langu: "Deni, sura 3." Kesho yake deni likawa sita. Mwezi wa Februari ukiisha, deni lilikuwa sura 47. Kila nilipoiona Biblia mezani, ilikuwa kama kumwona mwenye duka ambaye umekopa sukari yake. Nikaanza kuizunguka.

Jambo baya zaidi ni kwamba mimi ni mmoja wa viongozi wa chama cha Kikristo hapa shuleni. Ijumaa moja niliulizwa mbele ya wenzangu usomaji wangu ulikuwa umefika wapi. Nikajibu bila kupepesa jicho, "Namshukuru Mungu, niko mbele ya ratiba." Watu wakapiga makofi. Sitasahau makofi yale. Yalinichapa kuliko kiboko.

Mwezi wa Machi nyanya aliniita jikoni. Macho yake yana mtoto wa jicho, na herufi za Biblia yake zilikuwa zimeanza kumpotea. "Mjukuu wangu," akasema, "nisomee Marko sura ya nne, ule mfano wa mpanzi." Nilikuwa na haraka, kwa hivyo nilisoma mbiombio, nikaruka mstari hapa na pale. Nilidhani asiyeona hatajua. Kumbe!

"Simama hapo," akasema. "Mbegu nyingine zilianguka njiani, nyingine penye mwamba. Na zile za kwenye miiba umezipeleka wapi?"

Nilibaki mdomo wazi. Nyanya ana sura ile yote kichwani!

"Wewe unakimbia kama garimoshi la mizigo," akaendelea. "Unakimbilia wapi?"

Hapo machozi yakanilengalenga, nikamweleza yote: kesha, Walawi, deni la sura 47 na ule uongo wa Ijumaa. Nilitarajia anigombeze. Badala yake aliniuliza, "Jana ukilala njaa, halafu leo ukala sahani mbili, je, ile njaa ya jana itakuwa haikuwapo?"

"La, nyanya."

"Basi futa hilo deni. Mungu si mwenye duka. Na hizo sura tatu zako hazikuwezi kwa sasa. Kila asubuhi nikiteleka maji ya chai, wewe kaa hapa unisomee. Yakichemka, nyamaza, tunywe chai."

Nikaona hii ni mchezo wa watoto. Lakini kesho yake tulianza Marko sura ya kwanza. Maji ya chai kwenye jiko la makaa huchukua kama nusu sura, na mkaa ukiwa na unyevu, sura nzima. Marko ina sura 16 tu, na tuliimaliza baada ya mwezi mmoja na siku chache. Tukaingia Ruthu, sura nne, kisha Luka. Sasa tumo katika Zaburi, ambazo ni 150, na hatuna haraka. Siku nilipokuwa mgonjwa sikusoma. Nilipopata nafuu tuliendelea pale pale tulipoachia, na hakuna aliyeandika deni.

Nimejifunza mambo matatu. Kwanza, kipimo kiwe kidogo kiasi kwamba hata siku mbaya utakiweza. Pili, funga usomaji wako kwenye jambo ambalo hulikosi, maana kunywa chai mimi sijawahi kusahau! Tatu, asome mtu pamoja nawe. Peke yangu ningedanganya, lakini nyanya hadanganyiki.

Ilibaki Ijumaa yangu. Muhula wa pili nilisimama mbele ya chama nikakiri kwamba sikuwa mbele ya ratiba hata siku moja. Kulikuwa na kimya, na wawili watatu wakacheka. Halafu kijana mmoja wa kidato cha kwanza akasema polepole, "Hata mimi nilikwama Walawi." Sasa tuko watano, na husoma pamoja saa ya chakula cha mchana, wakati tukipanga foleni ya githeri.

Nyanya amepewa siku ya kupasuliwa jicho likizo ijayo. Naomba apone, lakini kwa siri nilikuwa na hofu: akipata macho yake, atanihitaji tena? Juzi nilimwuliza. Alicheka mpaka akakohoa. "Nikipata macho," akasema, "itakuwa zamu yangu kukusomea wewe. Tutaanza na Walawi."

Wenzangu, nawaachia hapo. Maji yamechemka.