Sake ya Wapi, Mnazi wa Saa Ngapi?

Mtu wa Kilifi anayeketi kwa mara ya kwanza kwenye kaunta ya sushi huko Japani hushangazwa na orodha ya vinywaji kabla samaki hajafika. Sake imejaa ukurasa mzima, na kando ya jina pametajwa mkoa ilikotoka. Kwao, mangweni, yaani mahali pa kunywea mnazi, nani atauliza umetoka wapi? Minazi ndiyo ile pale nje, na mgema ni jirani. Swali ni moja tu: huu wa asubuhi au wa jana?

Sake haina siri ya viungo. Ni mchele, maji, hamira na koji, yaani ukungu unaogeuza wanga wa mchele kuwa sukari. Tofauti kubwa huletwa na maji, hali ya hewa na mkono wa mtengenezaji.

Niigata, mkoa wenye viwanda vya sake zaidi ya 80, hupata maji laini ya theluji inayoyeyuka milimani, na baridi yake huifanya pombe ichachuke polepole. Sake yake ni nyepesi, haina utamu mwingi, wala haimezi ladha ya ngisi mbichi au samaki wa nyama nyeupe.

Nada, karibu na Kobe, ni habari nyingine. Maji ya visima vya Nishinomiya, yaitwayo miyamizu, yalianza kusifika mwaka 1840. Ni magumu, yana madini ya kulisha hamira, ila chuma ni kidogo mno. Hutoa sake yenye nguvu, inayoweza kukabili jodari mwenye mafuta, hata ikinywewa ya moto. Ujirani wa sake hiyo na sushi ni wa zamani: sushi ya nigiri ilipoenea kwenye vibanda vya Edo, yaani Tokyo ya leo, katika karne ya 19, sake ya Nada ilikuwa ikimiminika mjini humo kwa merikebu, ndani ya mapipa ya mbao.

Na si kikombeni tu. Mwaka 1804, mtengenezaji sake wa mji wa Handa, Nakano Matazaemon, alianza kutengeneza siki kwa machicha ya sake. Siki hiyo ikaishia kwenye wali wa sushi za Edo.

Siki mtu wa Pwani anaijua, maana ndiko mnazi unakoelekea usiponywewa. Mgema hupanda na kotama yake asubuhi na jioni, akalichonga karara, na utomvu huanza kuchacha humo humo kibuyuni bila kutiwa hamira. Asubuhi ni mtamu, jioni umekolea, kesho yake ni mkali. Sake nyingi hupashwa moto mara mbili ili kuua vijidudu na kuizuia isiendelee kubadilika, ndiyo maana chupa ya Niigata inafika Nairobi ikiwa salama. Mnazi wa Kilifi hata Nairobi hufika umebadilika.

Ila ipo sake isiyopashwa moto kabisa, namazake. Hiyo hukaa kwenye friji, hubadilika upesi, na hunywewa ingali changa. Ikiletwa kaunta pamoja na kamba wabichi, mgeni wa Kilifi anaweza kuuacha mkoa kando na kuuliza swali la mangweni: imejazwa lini?