Mbuzi wa Kibokoni

Siku tisa kabla ya Idi ya Kuchinja ya mwaka 2023 nilimdunga mbuzi sindano ambayo sikupaswa kumdunga, nikapokea shilingi 500, nikaenda zangu kusoma. Kosa lenyewe ni hilo. Lakini kuna lililokuja baada yake, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Nilikuwa mwaka wa pili wa stashahada ya afya ya mifugo. Asubuhi darasani; kuanzia saa tisa alasiri nasimama dukani, hapa kisiwani Mombasa, nauza dawa za minyoo, dawa za kupe na chanjo za kuku. Tulipanga chumba watatu nyuma ya Ndia Kuu, dari linavuja, na daftari zangu zililala ndani ya mfuko wa nailoni. Mtaani wakaanza kuniita daktari. Mwanzo nilikanusha. Baadaye nikaona jina lile tamu, tena linaleta wateja wa pembeni ambao mwenye duka hawajui. Sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao haimruhusu asiyesajiliwa kujifanyia kazi hiyo. Nilikuwa naijua, nilishaiandika kwenye mtihani.

Watu wa bara wakitajiwa Mji wa Kale huwaza paka. Paka wapo, tena wa kutosha, lakini nyuma ya ile milango ya nakshi kuna nyua, na kwenye nyua kuna njiwa, kuku, na Idi ikikaribia, mbuzi aliyefungwa kamba kwenye nguzo akitafuna maganda ya ndizi.

Bi mkubwa mmoja wa Kibokoni aliniita baada ya Magharibi. Mbuzi wake alikuwa Galla mweupe, dume, mnene, kilo 30 na kitu. Alikuwa amemnunua mapema ili bei isimpande.

"Mwanangu, huyu mbuzi yuwachechemea. Nami nimenuia udhiya. Nitamchinja vipi naye yu kiwete?"

Aliuliza la haki. Mnyama wa udhiya asiwe na chongo la wazi, asiwe mgonjwa, asiwe amekonda hana mafuta, na asiwe kiwete. Na siku za kuchinja ni chache: kuanzia kumi hadi kumi na tatu ya Mfungo Tatu, basi. Huwezi kumwambia mtu asubiri mwezi ujao.

Nikauinua mguu wa mbele wa kushoto. Ua lilikuwa limelowa kwa mvua za kusi, na mbuzi alikuwa amesimama kwenye maji na mavi yake wiki mbili. Nilipotenganisha kwato harufu ilinipiga puani kabla sijaona kitu. Katikati ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe, laini, kama kidole kilichokaa majini kutwa, na ukingo wa ukwato umeanza kubanduka. Kwato kuoza, na bado mapema.

Dawa yake haina siri. Unachonga sehemu iliyobanduka kwa kisu, unasafisha, unamwosha mguu kwa maji ya mrututu, unamhamishia pakavu. Unarudi kesho, na kesho kutwa, mpaka apone. Kwa mguu ulioharibika kiasi kile, siku tisa zingetosha. Mrututu wenyewe wauzwa kwa bei ya kashata.

Lakini nilikuwa na mtihani wa dawa asubuhi ya pili yake, na mingine mitatu nyuma yake. Kurudi Kibokoni kila jioni kuchuchumaa kwenye mavi ya mbuzi sikutaka. Mkobani nilikuwa na oksitetrasaiklini, ile inayokaa mwilini muda mrefu, niliyoichota dukani kwenye chupa iliyokwisha funguliwa. (Ndiyo, bila ruhusa. Niliweke na hilo.) Mililita moja kwa kilo kumi, nikavuta tatu, rangi ya chai ya rangi, nikamdunga kwenye mnofu wa shingo. Akalia, maana dawa ile inauma.

Kibandiko cha chupa kilisema nyama yake isiliwe mpaka zipite siku 28.

Sikusahau. Ningependa kusema nilisahau. Nilikuwa nakiona kile kibandiko akilini, nikahesabu tisa kwenye 28, nikafunga mkoba. Nilijua nikimwambia atasema basi usimdunge, na mimi nitarudi kwenye kisu na mrututu. Au atatafuta mbuzi mwingine, kwa pesa ambazo hana. Nikamwambia, "Atapona, bi mkubwa." Akaniombea dua nifaulu mitihani yangu. Kesho yake, kwenye karatasi ya mtihani, nikaulizwa nieleze muda wa kungoja kabla ya kuchinja mnyama aliyetibiwa. Nilijaza ukurasa na nusu.

Mbuzi alipona, akasimama imara kwa miguu minne.

Siku ya Idi nilikuwepo alipochinjwa. Niliitwa kwa heshima. Mchinjaji alipofika shingoni akasita, akakata pande la ukubwa wa kiganja, limeingia manjano ya kahawia na kukakamaa. "Hapa paligongwa," akasema, akalitupa kwenye kichochoro. Paka watatu wakaligombania. Nilitazama wanavyokula, sikusema neno.

Jioni mtoto akaleta bakuli kwetu, limefunikwa sahani, nyama imepikwa kwa ndimu na bizari. Wenzangu wawili walilimaliza kwa mkate wa mofa. Mimi nikasema tumbo linaniuma.

Sisemi watu wa Kibokoni walilishwa sumu. Bakuli moja haliui mtu, na sikusikia aliyeugua. Lakini kuna wenye mzio wa dawa hizi, na moto wa jikoni hupunguza dawa bila kuimaliza. Na vijidudu vinavyoonja dawa kidogo kidogo ndivyo vinavyojifunza kuizoea. Hayo nayajua kwa kusoma. La kujua bila kusoma ni kwamba mimi peke yangu katika mtaa mzima ndiye niliyekuwa na hiari ya kula au kutokula.

Mwaka uliofuata akaniita tena. Mbuzi mwingine, mvua ile ile, kwato zile zile. Safari hii nilimweleza mwenye duka kwanza, akaja akamwangalia mwenyewe, kisha akaniachia kazi ya kuosha. Nikaenda kila jioni na kopo la mrututu. Siku ya nne bi mkubwa akaleta kahawa, akaketi kwenye kibao cha mbuzi akinitazama.

"Mwaka jana ulimtia sindano moja tu akapona. Huyu mbona wamsumbua?"

Nikamwambia yote, ukwato ungali mkononi. Siku 28. Pande la shingo.

Alinyamaza mpaka kahawa yangu ikapoa. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, nyumba alizopelekea: kwa dadake Kuze, kwa mjane wa kona, kwa yule mwenye watoto mapacha, msikitini kwa wanafunzi wa chuo.

"Na kwenu nilileta," akasema. "Wewe ulikula?"