Upepo wa magurudumu: nani ajuaye kadiri yake?

Wengi wetu huupima upepo wa magurudumu kwa mguu. Mwenye gari hupiga gurudumu teke, husikiliza mlio wake, kisha husema: "Liko sawa." Lakini mipira ya siku hizi ina ubavu mgumu, na yaweza kupungukiwa sana pasipo jicho kutambua lolote.

Ninaishi Lubumbashi, nami hufundisha hesabu. Labda ndiyo sababu jambo hili hunisumbua. Tulipojitayarisha kwenda Likasi, safari ya kilomita 120 hivi, kwa arusi ya jamaa yetu, shemeji alilipeleka gari lake kwa kijana ajazaye upepo kando ya barabara. "Kilo ngapi, papa?" kijana akauliza. "Soma hapo kwenye mpira," shemeji akajibu. Nikawaomba wangoje kidogo.

Namba ile ya ubavuni ni kikomo tu, yaani upepo usiopasa kupitishwa. Fundi aliyeutengeneza mpira hakujua utafungwa kwenye gari gani. Ajuaye ni yule aliyeliunda gari, kwa maana aliupima uzito wake, mbele na nyuma. Naye huandika kadiri ifaayo katika kitabu cha gari, na kwenye kibandiko kidogo, mara nyingi katika nguzo ya mlango wa dereva, pengine ndani ya kifuniko cha tangi.

"Lakini mwalimu, hiki ni Kijapani!" shemeji akasema. Kweli, gari lake, kama mengi ya mji wetu, lilitoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Herufi hatuzijui, ila tarakimu ni zile zile tuwafundishazo watoto. Tulikuta 220, maana yake kilopaskali 220, ndizo bari 2.2, na bari moja yakaribia sana ile "kilo" ya mafundi wetu. Vipimo vingine husoma kwa paundi: hapo ni 32.

Tena yafaa kupima mipira ikiwa baridi, asubuhi kabla ya kuondoka, au gari likiisha kupumzika muda wa saa tatu. Mpira ukizunguka hupata moto, upepo uliomo hutaka kutanuka, na kipimo hupanda. Apunguzaye upepo njiani kwa sababu hiyo, kesho yake atakuta mipira imelegea. Majira nayo yana kazi yake. Kila nyuzi 10 za joto hubadili kipimo kwa bari 0.1 hivi. Kwetu, mchana wa Oktoba hupita nyuzi 30, na alfajiri ya Juni au Julai yaweza kushuka chini ya 10. Basi aliyejaza sawasawa mwezi wa Oktoba, asipime tena, hupoteza bari 0.2 bila msumari wowote, mbali na upepo mdogo utokao wenyewe kila mwezi.

Kupita kiasi si kwema: mpira hulika katikati na kushika barabara kwa sehemu ndogo. Lakini mimi nauogopa zaidi upungufu, ambao wengine huutaka kusudi "ili gari liwe laini". Mpira uliolegea hujikunja ubavuni kila uzungukapo. Kujikunja huleta moto, na moto huharibu nyuzi za ndani, hata mpira ukapasuka gari likiwa mbioni.

Mzigo huzidisha hatari hiyo. Magari mengi yana namba ya pili, kubwa zaidi, kwa safari ya mzigo kamili. Lakini mzigo kamili ni watu watano na masanduku yao. Nasi siku ile tulikuwa wanane, watatu wakiwa watoto wa kupakatwa. Mjomba akashauri tuongeze upepo, tuondoke wote. Nikamweleza kwamba upepo wa ziada haumpi mpira nguvu ya kubeba kuliko ulivyoundwa. Shemeji alinyamaza kitambo, akaitazama mikono ya dada yangu iliyomshika mtoto, kisha akatoa nauli ya basi kwa ajili ya watatu.

Mjomba hakufurahi. Alifika Likasi nusu saa mbele yetu, akatungoja kivulini na chupa ya pombe baridi.